Meli Iliyopinda ya Baba Yustini

Mwaka niliofika kwenye atelie ya Yoba, karakana ya mbao mjini Gitega, ulikuwa mwaka wa maboga. Muhogo ulikuwa umeugua kwetu Muyinga, majani yamekunjamana kama sikio la mbwa mzee, ukichimba unakuta mzizi mwembamba kama mkia wa panya. Basi tulikula maboga. Asubuhi boga, mchana majani ya boga, jioni mbegu za boga tulizokaanga bila chumvi. Binti yangu Odeta mpaka leo ukimwekea boga mezani anageuza uso kama mtu aliyetukanwa. Wengine wanautaja mwaka ule kwa namba. Mimi nikisema mwaka wa maboga, kila mtu wa Giteranyi, upande wetu wa Muyinga, mwenye umri wangu anajua ni upi, na tumbo lake linajua zaidi.

Tulikuwa tumerudi kutoka Tanzania, mimi na mume wangu na watoto. Huko ndiko nilikokulia, huko ndiko nilikosoma yale madarasa yangu machache, na ndiyo maana watu wa Yoba walinicheka siku ya kwanza. "Huyu mama anasema Kiswahili kama redio." Wacheke. Redio inasikika mbali. Sasa nimestaafu, nimerudi Giteranyi kwenye shamba langu, na ninyi mnaobaki kwenye atelie mmeniomba niandike nilivyofanya kazi. Haya, naandika. Habari ya mshahara siandiki, haina urefu wa kujaza ukurasa.

Baba Odeta alibaki kulima, mimi nikaja Gitega kwa shangazi yangu, vikapu kichwani, kutafuta soko. Mvua ikanikamata Yoba. Nikaingia barazani kwa mtu nisiyemjua, nikakaa chini, nikatoa kikapu nilichokuwa nasuka nikaendelea. Mikono yangu haijui kukaa bure. Yule mwenye baraza alikuwa Mzee Shabani. Alikuwa fundi wa mbao, Mwislamu wa hapo hapo Yoba, baba yake fundi, babu yake fundi, na kofia yake ilikuwa na vumbi la msumeno siku zote, hata Idi. Akasimama mlangoni akaniangalia muda mrefu, penseli sikioni.

"We dada," akasema, "hiyo fito unaipinda namna gani bila kuvunjika?"

"Naipa maji kwanza, Mzee. Maji yanafanya kazi, mimi nasubiri."

"Na ukikosa kusubiri?"

"Inanipiga jichoni."

Akacheka. Akaingia ndani akatoa kiti kisicho na kitako, mbao nne tu na tundu katikati. Akakiweka mbele yangu. Nikamuuliza kama ana kazi.

"Atelie yangu haina mwanamke," akasema.

"Na viti vyako havina makalio," nikamjibu.

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Wengine wanaandika barua.

Siku zile za kwanza hakunipa msumeno wala randa. Alinipa vipande vya mbao akaniambia nivinuse nikiwa nimefumba macho. Gerevileya ina harufu ya mvua iliyokauka. Msave una uchungu kidogo, kama maganda ya chungwa bichi. Mti wanaochongea ngoma haunuki kitu, unakaa kimya mpaka upigwe. Mkiona leo nanusa ubao sokoni na muuzaji ananitazama kama mwendawazimu, mjue nanunua vizuri kuliko mnavyonunua ninyi kwa macho. Kwa macho kila ubao ni mzuri. Wameupaka mafuta.

Vyombo vyangu nilikuja navyo viwili. Kisu kidogo cha kuchania fito, na uruhindu, ile sindano nene ya chuma tunayosukia vikapu. Mafundi walicheka uruhindu wangu. Walikuwa na keekee, walikuwa na patasi, walikuwa na nyundo za kila umri. Lakini kila kitu kidogo kilipohitaji tundu dogo, nilisikia nyuma yangu: "Mama Odeta, azima ile sindano." Siku hizi mna mashine inayotoboa kwa umeme. Umeme ukikatika mnakuja kuazima sindano.

Sasa niwaambie habari ya kabati la Makebuko, maana bila hiyo hamtaelewa iliyobaki.

Mtu mmoja wa Makebuko alileta kabati la mama yake. Mlango ulikuwa unaburuta chini, basi, hakuna tatizo lingine. Kazi akapewa Kasimu. Kasimu huyu huyu mnayemwita leo bosi, wakati ule alikuwa kijana mwenye mabega, na mtu mwenye mabega akiona kitu kimekaa vibaya anataka kukivuta. Akafungua kabati, akaona ubao wa nyuma umepinda. Akasema ngoja niutoe huu niweke ulionyooka, mteja afurahi. Akautoa. Kabati likapiga magoti kama ng'ombe anayetaka kulala. Pole pole, kwa heshima, mpaka chini. Mwenyewe alikuwa amesimama pale pale na kofia mkononi.

Mzee Shabani hakupiga kelele. Ingekuwa bora angepiga. Aliokota ule ubao, akautazama, akampa Kasimu aushike.

"Ulikuwa umepinda kwa sababu ulikuwa umebeba," akasema. "Ubao ulioshika hatung'oi, sisi. Tunaufuata. Ukipinda, na wewe unapinda nao kidogo, mnafika pamoja."

Lile kabati tulilirudisha kipande kwa kipande, na tangu siku ile neno la Mzee liliingia kwenye atelie kama sala. Milango ya kanisa iliyovimba kwa mvua, vitanda vya maharusi vilivyolegea mapema kuliko ilivyotarajiwa, viti vya mabibi waliokataa kutupa viti vyao: vyote nilivitengeneza kwa neno hilo. Kwanza natafuta kilichoshika. Halafu nakiacha.

Mzee Shabani alipofariki walimzika siku hiyo hiyo, kama ilivyo desturi yao, na mimi Mkatoliki nilisimama nyuma na kitambaa kichwani. Binti yake alinipa randa yake ndogo, ile yenye mpini uliolika shimo kwa kidole gumba chake. Kidole changu hakitoshi kwenye lile shimo. Naitumia hivyo hivyo.

Basi, meli.

Ilikuwa mwaka jana, mwaka ambao parachichi zilijaa Gitega mpaka mbuzi wakazikataa. Nilikuwa nimekwisha sema nitaacha kazi, na Kasimu alikuwa ananipa viti vidogo vidogo tu, kama mtu anavyompa mgeni karanga wakati chakula kinapikwa. Akaja kijana juu ya teksi-moto, zile pikipiki za abiria, ameshika sanduku la karatasi ngumu kwa mikono miwili, mbali na shati, kama mtu aliyebeba kuku. Jina lake Yustini. Anauza vyuma vya ujenzi pale mjini, na mfuko wa nyuma wa suruali yake haukosi pimamaji, ile ya kupimia ukuta kama umenyooka. Nilimwona akiiweka juu ya benchi letu kabla hata hajatusalimu. Benchi letu halikumpendeza.

Ndani ya sanduku kulikuwa na meli ya mbao, ndefu kama mkono wangu mpaka kiwiko na zaidi kidogo, iliyojengwa nusu.

Baba yake alikuwa mtu wa ofisi ya kahawa. Zamani walimtuma ng'ambo kujifunza kazi, kwenye mji wenye bandari. Wenzake walirudi na suti na viatu. Yeye alirudi na sanduku lililojaa vijiti, nyuzi, na picha ya meli yenye milingoti mitatu, ili ajenge mwenyewe. Yustini alikuwa mdogo. Aliniambia walipofungua sanduku yeye na dada zake walilia, walidhani ni biskuti. Sanduku likapanda juu ya kabati, likakaa huko miaka, watoto wakakua, wakaoa, wakaolewa. Uzeeni Baba Yustini ndiyo akalishusha akaanza kujenga. Alifariki hajamaliza.

Mimi meli ningeiona wapi? Nimeona mitumbwi ya ziwa Rweru, ile inayochongwa kwenye gogo moja, haina mifupa. Hii ilikuwa na mifupa. Watu wa baharini wana majina yao, mimi nitaita mgongo na mbavu, kama mbuzi. Mgongo chini, mbavu zimesimama, halafu vijiti vyembamba vinapita juu ya mbavu kuwa ngozi. Nikachungulia ndani nikacheka peke yangu. Hiki ni kikapu! Wamekilaza tu wakakipa milingoti.

Lakini kikapu kilichougua. Upande wa kulia ulikuwa umevikwa ngozi yote, juu mpaka chini, kijiti kwa kijiti, safi kabisa. Upande wa kushoto ulikuwa mtupu, mbavu tu, unaona mpaka ndani. Sasa mbao zile zilivyokauka zilivuta upande mmoja, na upande wa pili hapakuwa na kitu cha kuvuta kurudi. Mgongo ukapinda. Panya walikuwa wamekula nyuzi na nusu ya matanga, na ile karatasi ya maelezo mende walikuwa wameisoma wakaimaliza.

Yustini akaweka pimamaji juu ya meli ya baba yake. Lile tone la hewa likakimbilia pembeni.

"Iko ya kupinda, Mama Odeta. Ona mwenyewe. Iko kama ndizi."

"Naona. Ndizi nazijua."

"Bon. Ng'oa ile mbao ya mzee yote, nyoosha mgongo, anza mupya pande zote mbili. Tuko na kuganduka mwezi ujao."

Kwa wale ambao si wa kwetu: kuganduka ni siku ya kuondoa msiba. Mwaka ukikaribia kwisha tangu mtu azikwe, jamaa wanakusanyika, wanakunywa, wanasema mbele ya watu mambo ya marehemu yaliyobaki nusu, na mtu wa nyumba anasimama kuyabeba. Halafu mjane anatoka msibani. Yustini ndiye mkubwa. Yeye ndiye angesimama. Na kitu cha baba yake kilichobaki nusu, watu wote wa ukoo wanakijua, kilikuwa hicho.

"Wazee wote wa Makebuko watafika," akasema. "Mi sitaki waone hii waseme baba alijenga akiwa amelewa."

"Baba yako alikuwa mlevi?"

"Baba? Hata bia ya ndizi ilikuwa inamushinda!"

"Basi watasema uongo, na uongo hauna haja ya meli." Nikapitisha kidole kwenye zile mbao za kulia. Gundi ilikuwa imeingia vizuri, kila kijiti kimemkumbatia mwenzake. Ukivuta kimoja kinakuja na ubavu wake. "Ubao ulioshika siung'oi. Kama ni kung'oa, tafuta mtu mwingine."

Kasimu alikuwa anapiga msasa kule nyuma. Msasa ukanyamaza.

"Iko atelie Bujumbura," Yustini akasema, sauti imepanda. "Wako na mashine."

"Wapelekee. Mashine haiogopi kitu."

Akafunga sanduku, akafika nalo mpaka mlangoni. Pale akasimama, mgongo kwetu, kama mtu aliyesahau njia. Akarudi akaliweka tena juu ya benchi.

"Mama amesema ni wewe, ao hakuna," akasema. "Lakini sikiliza, mama. Siku ya kuganduka mi nitapima. Ikiwa bado ndizi, haikai mezani. Naifungia stoo, na nitasema mbele ya wazee kwamba ya baba imekwisha. Mama atalia, atanyamaza."

Akaenda. Kasimu akaja akachungulia sandukuni.

"Mama Odeta, ukimaliza hiyo utatuvusha mto Ruvubu?"

"Nitawavusha wote. Wewe utaogelea."

Kesho yake nilienda nyumbani kwao, maana sijengi kitu bila kuona mahali kitakapokaa. Mama Yustini alikuwa sebuleni, bado katika msiba, kichwa amenyoa, fimbo imeegemea ukuta. Nilipomwona alipokaa, nilielewa kwa nini alisema ni mimi. Kiti kilikuwa changu. Nilikisuka mwenyewe, miaka miwili mitatu nyuma, kwa ajili ya mtu mmoja mpole aliyesema mke wake ameanguka amevunja nyonga na anahitaji kiti kirefu kidogo. Sikujua jina lake wakati ule. Kwanza nikamwinua yule mama, nikakagua kitako. Hakijalegea. Nikamkalisha tena. Ndiyo tukasalimiana.

"Alikuwa anajengea pale," akanionyesha meza iliyo kati yake na dirisha. "Mi nilikuwa sitembei, Mama Odeta. Kutoka kitandani mpaka hapa, kutoka hapa mpaka kitandani, yeye ananishika. Nikamwambia, mzee, nimechoka kuangalia ukuta. Ndiyo akashusha lile sanduku."

"Akaanza na upande huu."

"Upande huu tu. Nilimuuliza, mbona wa huko hujengi? Akasema, huko nani anaangalia? Akasema anataka mimi nione meli nzima haraka, kabla ya mvua kwisha. Mguu wako ukipona, akasema, utazunguka meza, utanikuta huko najenga huo mwingine." Akavuta kanga yake. "Mguu ukapona. Lakini yeye alikuwa amekwenda."

"Yustini anajua?"

"Yoo! Hayo mambo ya mzee na mimi. Unayasema namna gani kwa mtoto?"

Yustini ana mvi kwenye ndevu, lakini mtoto ni mtoto. Sikumwambia nitamsemea. Neno la mke na mume si mbao, huwezi kulibeba kwenye ungo ukalipeleka kwa mwenzako. Nilimwambia tu kwamba meli itakaa pale pale ilipokuwa, na kwamba siku hiyo nitamwomba kiti chake kidogo.

Nikarudi kazini na tatizo likiwa lile lile. Mgongo umepinda, mbao za marehemu zinakaa, na kijana ana pimamaji.

Sasa ninyi vijana sikilizeni, hapa ndipo penye ufundi. Nilichonga vijiti vipya vya gerevileya kwa randa ya Mzee, vyembamba mpaka ukishika mbele ya mwanga unaona kivuli cha kidole. Halafu nikafanya kosa la msusi. Msusi wa vikapu anasuka mbichi, fito imelowa maji, kikapu kikikauka kinajikaza chenyewe. Nikaloweka, nikapaka gundi, nikabana, nikaenda zangu. Asubuhi nikakuta vijiti vyote viko sakafuni, vimejikunja kama mikia ya nguruwe. Gundi haikai kwenye maji. Nilijua hilo kwa meza, nilijua kwa makabati, lakini mikono ilipoona kikapu ikakumbuka kwao.

Kasimu akaokota kijiti kimoja. "Hii ni ya kupikia chai?"

"Pika. Weka na midomo yako."

Nikaanza tena. Nilichemsha birika, kijiti kikapita juu ya mvuke mpaka kikalegea, nikakipinda kwenye mbavu nikakifunga hapo bila gundi. Nikakiacha kikauke, lakini kisikauke kabisa. Mnajua kile kipimo cha shati kwenye kamba, ukiligusa shavuni bado lina ubaridi kidogo lakini mkono hautoki na maji? Hapo. Hapo ndipo unapaka gundi na kubana. Gundi inashika, halafu ule unyevu wa mwisho unatoka ndani ya kijiti kimekwisha kukamatwa, kinasinyaa, kinavuta. Kila kijiti kikavuta kidogo. Nilikuwa nabana kwa vibanio vya kuanikia nguo, vyote vya nyumba ya shangazi. Wiki zile jirani zetu waliona nguo zetu zimetandazwa juu ya nyasi.

Mgongo ukaanza kurudi. Nilikuwa naweka meli juu ya kioo kila asubuhi naangalia nafasi iliyo chini yake ikipungua. Ilirudi sana. Haikurudi yote. Pale ilipokataa sikuilazimisha, nilifanya kama alivyosema Mzee Shabani, niliufuata. Mbao zangu zikapita juu ya ile kona iliyobaki, na upande wangu ukatoka katikati kidogo, kama shavu la mtu mwenye tonge mdomoni.

Milingoti niliisimamisha. Nyuzi nilizipaka nta ya nyuki iliyotoka hapa kwetu Giteranyi, nikazipitisha kwenye matundu niliyotoboa kwa uruhindu. Matanga, Mama Yustini alinipa shati jeupe ambalo mzee alivaa kazini. Mfukoni lilikuwa na doa la wino. Nilikata, nikashona, na doa likaangukia tanga la mbele. Ningeweza kulikwepa. Sikulikwepa.

Siku ya kuganduka niliiweka juu ya ungo, nikaiweka kichwani, nikatoka Yoba kwa miguu. Sikumwamini mwenye teksi-moto hata mmoja. Watu walitoka madukani. Mama mmoja aliniuliza naipeleka wapi meli wakati hakuna maji. Nikamwambia kwanza meli, maji yatafuata.

Yustini alikuwa mlangoni, suti, tai, na pimamaji mkononi. Wazee wa Makebuko walikuwa wamekaa nje tayari, chungu cha bia ya mtama katikati yao na mirija ndani. Niliipitisha meli mbele yao bila kusimama, nikaiweka juu ya meza ile, kati ya kiti na dirisha, upande wa kulia ukitazama kiti. Yustini akainua pimamaji.

"Kaa kwanza," nikamwambia.

"Mama, hakuna wakati."

"Kaa. Pale."

"Kile kiti ni cha mama."

Mama Yustini alikuwa amekwisha simama. Alikuwa ameshika fimbo kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akamsukuma mwanawe begani, pole pole, mpaka akakaa. Mtu mzima na tai yake. Kitako kikalia kidogo chini yake, ni mzito yule kijana, lakini kikambeba.

Akaangalia. Mimi nilimwangalia yeye. Kutoka kwenye kile kiti hakuna ndizi. Huoni mgongo, huoni shavu langu, huoni kosa lolote. Unaona meli nzima, mbao zimelala moja juu ya nyingine kama manyoya ya kuku aliyetulia, na milingoti mitatu, na dirisha nyuma yake.

"Hii... ilikuwa hivi?" akauliza. "Tangu zamani?"

"Bila matanga," mama yake akasema. "Mimi ndiyo nilikuwa nakaa hapo. Huko kwingine baba yako alisema hakuna mtu anayeangalia."

Basi. Yustini alikaa. Nje mzee mmoja aliita kwamba bia inapoa, mwingine akamjibu bia ya mtama haipoi, inazeeka. Yustini akarudisha pimamaji mfukoni. Alipokuwa akijifuta uso nilitazama dirishani. Pale dirishani hapakuwa na kitu cha kutazama, ila nilitazama.

Wakati wa maneno ulipofika alisimama mbele ya ukoo. Alisema baba yake aliacha meli nusu, kwamba nusu ile imepata mwenzake, kwamba haijanyooka yote na itakaa mezani mbele ya mama yake hivyo hivyo. Wazee waliingia kuiona mmoja mmoja. Mmoja aliuliza inabeba magunia mangapi ya kahawa. Hakuna hata mmoja aliyetaja ulevi. Mama Yustini alifunguliwa msiba wake, akapewa kitambaa kipya, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuchukua fimbo yake akazunguka meza mpaka dirishani. Akaangalia upande wangu muda mrefu. Akapitisha kiganja kwenye lile shavu, kama unavyompapasa mtoto anayekula.

Ile ndiyo kazi yangu ya mwisho. Baadaye nilikaa na wazee, nikapewa mrija, na niwaambie ukweli nilijisikia vizuri sana. Wajukuu zangu wanakalia viti nilivyosuka mimi na hakuna aliyeanguka, na sasa palikuwa na meli Gitega iliyopita juu ya kichwa changu. Si kila bibi wa Giteranyi ana hilo.

Hapo ndipo Yustini alipoita kutoka ndani. Alikuwa amechuchumaa upande wa dirishani, tai imefunguliwa, pimamaji imetoka tena.

"Mama Odeta! Kuja uone. Kumbe ya baba iko sawa kabisa. Ni hii ya kwako ndiyo iko na tonge!"

Wazee wakacheka mpaka mmoja akapoteza mrija wake ndani ya chungu.

"Sicheki, mi nasema kweli," akaendelea, na alikuwa anacheka. "Bado uko na nguvu. Mbao nitaleta mwenyewe, nzuri. Ng'oa ya kwako tu, ya baba uache, utengeneze nyingine polepole."

Nikatoa mrija mdomoni. Nikafuta midomo.

"Ubao ulioshika siung'oi. Kama ni kung'oa, tafuta mtu mwingine."